Samadi Inashika Sumu, Haiitoi: Maneno kwa Wakulima na Vijana wa Luvungi



Udongo wa uwanda huu wa Ruzizi ndio unatulisha mpunga, mahindi na muhogo. Swali letu la leo: maji ya machimbo yakifika shambani, samadi inaweza kutuokoa? Jibu: inasaidia, lakini nusu tu.

Samadi na mboji zikisha kuoza vizuri, zinakamata madini mazito kama risasi na shaba, mmea unayanyonya kidogo. Kadimiamu haishikwi kwa nguvu vile, zaidi sana udongo ukiwa mchachu. Hapo chokaa ama majivu kidogo yanasaidia.

Lakini tusidanganyane. Kushikwa si kutoka. Risasi haiozi, samadi ndiyo inaoza. Ikiisha, kile ilichoshika kinaweza kuachiwa tena. Ni kama kufunga mbwa mkali kwa kamba ya mgomba: lazima ubadilishe kamba kila mara, na mbwa bado yuko.

Kwa zebaki, ile wachimbaji wanakamatia dhahabu hapa Kivu ya Kusini, tuangalie zaidi. Katika shamba la mpunga lenye maji yaliyotuama, vijidudu vinaweza kuigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayoingia kwenye chakula na kuharibu ubongo wa mtoto akiwa bado tumboni. Samadi mbichi inaweza kulisha vijidudu hivyo. Basi pale zebaki inashukiwa, tusiimwage ndani ya maji ya mpunga. Na mboji ya takataka za mji, iliyochanganyika na betri, tuikatae: hiyo inaleta madini yenyewe.

Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na ana wajibu wa kuyatetea. Kwa hiyo tunadai:

1. Udongo na maji yetu vipimwe. Bukavu kuna vyuo vikuu vinavyofundisha kilimo. Serikali ya jimbo iviite.
2. Majibu yasomwe hapa, mbele ya watu wote, kwa Kiswahili.
3. Uchafu wa machimbo uzuiwe kulekule juu, kabla ya kuingia mtoni.

Kuozesha samadi ni kazi yetu, tutaifanya. Kuzuia sumu ni kazi ya serikali na ya wenye machimbo. Mama mwenye jembe asibebeshwe mizigo yote miwili.