Chumba cha Msafiri

Dominika ya 16 ya Mwaka B
Masomo: Yer 23:1-6, Efe 2:13-18, Mk 6:30-34



Injili ya Dominika hii inatuonyesha Mitume wakirudi kutoka safari ya kazi. Walikuwa wametumwa wawili wawili. Wakahubiri toba, wakatoa pepo, wakawapaka wagonjwa mafuta. Sasa wamekusanyika mbele ya Bwana na kumpa taarifa ya yote waliyoyatenda na kuyafundisha. Tungetazamia kwamba angewapangia mara moja kazi nyingine, maana watu walikuwa wengi wakija na kwenda, hata nafasi ya kula haikupatikana. Bwana hakufanya hivyo. Aliwaita waende faraghani, mahali pasipo watu, wakapumzike kidogo. Neno hilo ni agizo lake kama yalivyo maagizo yake mengine, ingawa mara nyingi tunalisoma harakaharaka.

Leo tulitafakari agizo hilo katika jambo dogo linalowapata wengi wenu, yaani usiku ule ambao mtu aliyesafiri kikazi hulala peke yake katika hoteli au nyumba ya wageni.

Tumfikirie mama mmoja muuguzi, aliyetumwa kutoka Songea kwenda Iringa kuhudhuria semina ya siku tatu. Ameshinda ndani ya basi, akapita Njombe na Makambako, akafika jioni. Na katika mwezi huu wa Julai baridi ya Iringa si ya mzaha. Anaandika jina lake katika daftari la wageni, anapewa ufunguo, anaonyeshwa chumba: kitanda chenye chandarua, meza, kiti, taa, na kandambili mlangoni. Analetewa ndoo ya maji ya moto, anaoga. Anakula wali na maharage ambayo hakuyapika yeye, na sahani anaiacha mezani iondolewe na mwingine. Kisha anafunga mlango. Hakuna mtoto anayelia, hakuna mgonjwa anayeita, hakuna jirani anayebisha hodi kuomba chumvi. Anajinyoosha chini ya blanketi, anausikiliza ule ukimya, naye anafurahi. Lakini mara furaha hiyo inamtia hofu. Anajiuliza yeye ni mama wa namna gani, hata afurahi kuwa mbali na wanawe.

Mama mpendwa, ikiwa swali hilo limewahi kukujia, usifadhaike. Hukuwakimbia watoto wako, ulitumwa, ukaenda. Na Bwana aliyewatuma Mitume ndiye aliyewapumzisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ibara ya 67, unafundisha kwamba wafanyakazi wote wanastahili kupata mapumziko na nafasi ya kutosha kwa ajili ya maisha yao ya kifamilia, ya kijamii na ya kidini. Basi mshukuru Mungu kwa kitanda hicho, ulale.

Maandiko Matakatifu yenyewe hayaoni haya kukitaja chumba cha msafiri. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma juu ya mwanamke wa Shunemu aliyemwona nabii Elisha akipita mara kwa mara katika safari zake za utume. Mama huyo alimshauri mumewe wamjengee nabii chumba kidogo juu ya nyumba, wamwekee humo kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu hivyo vinne ndivyo tunavyovikuta hata leo katika nyumba zetu za wageni. Elisha hakuvikataa kwa kisingizio kwamba yeye ni mtu wa Mungu. Aliingia, akajilaza.

Hata hivyo, ndugu zangu, upweke huo una hatari yake. Wahenga walisema: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Katika chumba cha ugenini cheo chako hakijulikani, mkeo hayupo, mumeo hayupo, paroko hakuoni. Posho ya safari imo mfukoni. Wengine wakifika hapo hushindwa kabisa kukaa na ukimya. Hutoka wakatafute pombe na marafiki wa usiku mmoja, au huishika simu mpaka usiku wa manane, wakaamka asubuhi wamechoka kuliko walivyolala. Mtaguso huohuo, katika ibara ya 16, unatufundisha kwamba dhamiri ni mahali pa ndani kabisa pa mtu, ambapo yu peke yake na Mungu na sauti ya Mungu husikika. Mlango wa chumba ukifungwa, sauti hiyo huanza kusikika, nasi twaweza kuikimbia au kuipokea.

Jinsi ya kuipokea si ngumu. Kabla ya kuzima taa, piga ishara ya msalaba, mshukuru Mungu aliyekufikisha salama, uitazame siku yako bila kujificha. Kisha sali Zaburi ya 4, ambayo Kanisa limeiweka katika sala ya kumaliza siku. Ni zaburi ya mtu anayejilaza na kupata usingizi kwa amani kwa sababu anamtumaini Bwana. Makatekista, wafundisheni waamini sala hiyo, hasa madereva, wafanyabiashara na watumishi wa serikali ambao kazi zao huwalaza mbali na nyumbani.

Lakini turudi kwa Elisha, maana kuna jambo moja limebaki. Siku ile alipokuwa amejilaza katika chumba chake, alimwita mtumishi wake Gehazi, akataka kujua yule mama aliyejitaabisha hivi kwa ajili yao atendewe nini. Katika pumziko lake nabii alimkumbuka yule ambaye kwa jasho lake yeye amepumzika.

Baba unayenisikiliza, labda wewe husafiri kila mwezi, na usiku wa namna hii si mgeni kwako. Mkeo je? Tangu mlipofunga ndoa, ni usiku mangapi amelala bila kuamshwa na mtoto, ni milo mingapi amekula bila kuipika? Unaposema umepumzika vizuri safarini, fahamu kwamba mtu fulani nyumbani amebeba mzigo wako pamoja na wake. Katika somo la kwanza nabii Yeremia anawakaripia wachungaji wasiowajali kondoo. Na katika Wimbo wa Katikati, Zaburi ya 23, mchungaji mwema huwalaza kondoo wake penye majani mabichi. Baba ni mchungaji katika nyumba yake. Basi ukirudi usilete mkate na sabuni tu. Chukua watoto, shika jiko na kisima kwa siku moja, umwachie mama wa nyumba saa chache za ukimya, aende kwa dada yake, au kanisani, au alale tu. Nanyi wenye wasichana wa kazi nyumbani, wapeni nao siku yao ya kupumzika.

Mapumziko ya Mitume hayakuwa marefu. Yalikuwa kama muda wa kuvuka kwa mashua, maana waliposhuka, umati ulikuwa umekwisha kutangulia. Naye Yesu hakuwakasirikia watu wale. Aliwahurumia, akaanza kuwafundisha mambo mengi. Tumwombe atupe sisi nasi pumziko la namna hiyo, tukiamka tuwe na huruma kwa wanaotungoja.

Ee Bwana, walinde wote watakaolala ugenini usiku huu, na uwapumzishe wale waliobaki nyumbani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.