Jiwe na Mahali Pake: Uchongaji wa Waanglo-Saksoni



Kabla ya mwaka 716, watawa wa Wearmouth na Jarrow, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, walinakili Biblia nzima ya Kilatini katika kitabu kikubwa ajabu. Mwaka huo kikasafirishwa kuelekea Roma kiwe zawadi kwa Papa, na leo kimehifadhiwa Florence. Vitabu ndivyo vilivyo, husafiri. Dhahabu nayo husafiri, tena huyeyushwa. Lakini msalaba wa mawe wenye urefu wa zaidi ya mita nne haubebeki. Hata ukivunjwa, vipande vyake kwa kawaida huishia kwenye ukuta wa kanisa lililo jirani. Kwa hiyo anayetaka kujua watu wa wilaya fulani ya Uingereza waliamini nini, walimtii nani na walifanya biashara na nani kati ya karne ya saba na ya kumi na moja, na atazame mawe yao. Tena ayatazame kwa maeneo yake, asiyapange kwa uzuri tu.

Sanaa hii haikuchipuka yenyewe. Mtawa na mwanahistoria Bede ameandika kwamba Benedict Biscop, alipoanzisha nyumba ya watawa ya Wearmouth mwaka 674, alileta waashi kutoka Gaul wamjengee kanisa la mawe kwa mtindo wa Kirumi, kwa kuwa wenyeji walizoea kujenga kwa mbao. Biscop huyo ndiye aliyefuatana na Askofu Mkuu Theodore kutoka Roma hadi Canterbury mwaka 669, na baada yao akafika Abati Hadrianus, mtu wa Afrika kwa asili. Nalitaja jambo hili makusudi. Kanisa lililozaa michongo hii lilikuwa limeunganishwa na Bahari ya Mediterania pande zote mbili, na muunganiko huo unaonekana kwenye mawe yenyewe.

Chukueni msalaba wa Ruthwell. Leo uko Scotland, lakini ulipochongwa katika karne ya nane eneo hilo lilikuwa chini ya ufalme wa Northumbria. Una urefu wa zaidi ya mita tano. Kwenye mbavu zake mbili nyembamba unapanda mzabibu, na ndani ya matawi yake ndege na wanyama wanadonoa matunda. Pembeni mwa mzabibu huo zimechongwa herufi za runi, na humo msalaba wenyewe unasema kwa Kiingereza cha kale, ukieleza jinsi ulivyombeba Bwana wake. Kwenye nyuso pana, Kilatini kinazunguka picha. Mwanamke mmoja anafuta miguu ya Kristo kwa nywele zake, na mkono wake umechongwa mkubwa kupita kiasi, kana kwamba mchongaji alitaka tuanze kutazama hapo. Kwenye uso mpana wa pili wapo Paulo na Antoni, wakaapweke wa jangwa la Misri, wakimega mkate pamoja. Mchongaji wa kaskazini ambaye pengine hakuwahi kuona jangwa aliwapa watakatifu hao wa Afrika nafasi kwenye jiwe lake.

Mwaka 1642 Baraza Kuu la Kanisa la Scotland liliamuru msalaba huo uharibiwe, likiuhesabu kuwa sanamu ya kuabudiwa. Ukavunjwa. Mchungaji Henry Duncan alikusanya vipande, akausimamisha upya mwaka 1823, na mwaka 1887 ukaingizwa kanisani. Mwenzake wa Bewcastle, upande wa Cumbria, umepoteza kichwa lakini bado umesimama uani pa kanisa kwenye upepo na mvua.

Ukishuka kusini hadi ufalme wa Mercia, mambo yanabadilika. Pale Breedon-on-the-Hill, Leicestershire, hakuna msalaba mrefu unaotawala. Kuna mikanda myembamba ya mawe, kimo chake kama shubiri moja, imejaa ndege, mizabibu na watu wadogo, na nuru na kivuli vinacheza humo kwa sababu mchongaji alichimba kwa kina sana.

Sasa nije kwenye karne ya kumi, mahali ninapotofautiana na waandishi wengi wa zamani. Waviking walipofanya makazi Yorkshire na Cumbria, waandishi hao waliona sanaa imeanguka. Mimi naona kazi imepata wateja wapya. Pale Brompton, Yorkshire, matengenezo ya kanisa mwaka 1867 yalifukua mawe ya makaburi yenye umbo la nyumba, paa likiwa limebinuka kama mgongo, na kila ncha dubu aliyefungwa mdomo amelikumbatia jiwe. Umbo hilo halikutoka Skandinavia. Lilibuniwa huko huko Uingereza na watu waliochanganyika. Mtafiti Richard Bailey ameonyesha kwamba baadhi ya wachongaji wa kipindi hicho walitumia vigezo vilivyokatwa, mchoro ule ule ukahamishwa kutoka jiwe moja hadi jingine. Hiyo ni karakana yenye oda, na vigezo hivyo vinatuwezesha kuifuata kutoka kijiji hadi kijiji. Na huko Gosforth, Cumbria, nguzo moja inabeba kusulubiwa kwa Kristo na pia Loki wa hadithi za kale za Skandinavia akiwa amefungwa, mkewe akikinga sumu ya nyoka kwa bakuli. Sioni kuchanganyikiwa hapo. Namwona mtu anayewaeleza jirani zake habari mpya kwa kutumia hadithi wanazozijua.

Tunaweza kusema haya kwa sababu ya Rosemary Cramp wa Chuo Kikuu cha Durham. Alianzisha orodha ya mawe yote ya aina hii nchini Uingereza, eneo kwa eneo, na juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1984. Kila kipande kinapigwa picha, kinapimwa na kuelezwa, hata kilicho kidogo kama kiganja, na aina ya jiwe inatajwa, maana machimbo yakijulikana njia ya biashara inaanza kuonekana.

Na vipande vinaendelea kutokea. Mwaka 2003, chini ya sakafu ya kanisa kuu la Lichfield, wanaakiolojia walipata malaika wa jiwe la chokaa akiwa katika vipande vitatu, na juu yake rangi bado zipo, nyekundu ikiwa mojawapo. Tulijua kwamba mawe haya yalipakwa rangi, lakini ni mara chache tumeiona ikiwa imesalia hivyo. Mara ngapi tumeandika kwamba mchongaji fulani wa kijijini hakumalizia uso au nguo, ilhali sehemu hiyo aliiachia brashi? Tathmini hizo inabidi tuzipitie upya, juzuu kwa juzuu, tukianza na yale mawe tuliyoyaita hafifu.