Asilimia kwa Kinyozi

Msimu wa kampeni kinyozi huzima mashine ili asikie redioni nani anaongoza. Mteja amebaki kanyolewa upande mmoja, wala hakuna anayemcheka. Wote wanajumlisha asilimia.

Mwaka 2022 nchini Kenya, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais wa Agosti 9, kampuni za kura za maoni Ipsos na Infotrak zilimweka Raila Odinga mbele kwa pointi 6 na 7. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikamtangaza William Ruto mshindi, asilimia 50.49 kwa 48.85. Si lazima kuwe na aliyedanganya. Wanaohojiwa ni wachache, wengine hawajaamua, wengine wanaficha. (Nani atamwambia mgeni wa simu siri ya kura yake?)

Sheria ya mwaka 2012 inamtaka anayechapisha matokeo ya kura ya maoni ataje aliyeigharamia, idadi ya waliohojiwa na kiwango cha makosa. Siku 5 kabla ya uchaguzi, ni marufuku kuyachapisha matokeo hayo. Basi ukisikia namba, dai maelezo hayo kwanza. Halafu mgombea wa uwakilishi wadi akipita na kipaza sauti, muulize ule mtaro wa maji taka mlangoni kwenu utazibuliwa lini.