Kichwa cha Mzee Hakijakauka
(Mazungumzo na wanafunzi wa kisomo cha watu wazima)



Tumewasikia wengi wenu mkisema, "Sisi tumezeeka, kichwa kimekauka, hizi herufi haziingii." Wengine hata wameacha darasa kwa sababu hiyo. Leo tunataka tulizungumze jambo hili.

Ndani ya ubongo mna chembe za neva ambazo hupelekeana habari. Mtu akijifunza kitu, miunganiko ya chembe hizo hupata nguvu. Kazi hiyo yataka mbolea, na mbolea mojawapo ni protini ambayo wataalamu huiita BDNF. Yves-Alain Barde na wenzake waliitenga kutoka kwa ubongo wa nguruwe huko Ujerumani mwaka wa 1982. Protini hii husaidia chembe ziishi, zichipue matawi, na zishike tuliyojifunza.

Je, inauzwa duka gani? Haiuzwi. Ubongo huitengeneza wenyewe, na mwili ukifanya mazoezi huuhimiza.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu 120 wa miaka 55 hadi 80. Kundi moja lilitembea kwa haraka siku tatu kwa wiki. Walianza na dakika 10, wakaongeza pole pole mpaka 40. Kundi la pili lilinyoosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi, yaani sehemu ya ubongo inayotusaidia kuweka kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2 kwa wale waliotembea. Kwa wale wengine ilipungua. Tena kati ya waliotembea, wale ambao protini hii iliongezeka zaidi katika damu yao ndio ambao sehemu hiyo ilikua zaidi.

Kwa hivyo mama anayekuja hapa kwa miguu ameanza kuutayarisha ubongo wake akiwa bado njiani.

Hatusemi kwamba kutembea kunaponya ugonjwa wa kusahau. Mzee anayepotea njia ya kwake nyumbani apelekwe hospitali. Asiitwe mchawi!

Basi tutembee, na somo la jana tulirudie leo, hata kama ni herufi tatu tu. Na mkitoka hapa, mpitieni yule jirani aliyeacha darasa, mje naye wiki ijayo. Nafasi yake bado ipo.