Sahihi Haitoshi: Ufuatiliaji na Uorodheshaji wa Kazi za Corot, Mchoraji wa Mandhari

Kufuatilia kazi za maisha ya mchoraji wa mandhari, yaani msanii ambaye mada yake kuu ni nchi yenyewe, milima, mito, miti na anga, kuna ugumu wa pekee, kwa kuwa picha za aina hiyo hufanana, hubadilishwa majina kila zinapouzwa, na mara nyingi hazina sura ya mtu anayetambulika wala tukio linaloweza kupewa tarehe. Kazi hiyo ikifikishwa mwisho huzaa katalogi kamili, ambayo ni orodha inayokusudia kuingiza kila kazi ya msanii mmoja pamoja na mwaka wake, vipimo vyake, kitu ilichochorewa, sahihi yake na mlolongo wa wamiliki wake tangu ilipotoka mikononi mwa msanii. Makala hii inaichunguza kazi hiyo kupitia Jean-Baptiste-Camille Corot, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1796 na kufariki mwaka 1875, ambaye picha zake zimeghushiwa kwa wingi wa kutisha, na ambaye kwa upande mwingine alijaliwa mtunza kumbukumbu wa aina ambayo wasanii wengi hawakuipata.

Sahihi ya msanii, inayodhaniwa na wanunuzi wengi kuwa ndiyo hati ya umiliki wa jina, ni shahidi dhaifu sana katika shauri la Corot. Alikuwa mtu mkarimu kupita kiasi, akiwaazima wanafunzi wake michoro aliyoileta kutoka Italia ili wainakili, akirekebisha kazi za wengine kwa brashi yake mwenyewe, na inasimuliwa kwamba hakusita kuweka jina lake kwenye turubai ya msanii fukara ili iuzike. Kwa hiyo mtafiti hukutana na nakala ya kweli isiyo na hila, iliyofanywa na mwanafunzi aliyekuwa akijifunza, hukutana na picha ya mtu mwingine yenye sahihi halisi ya Corot, na hukutana na picha ya kughushi yenye sahihi ya uongo, na zote tatu huweza kuonekana sawa ukutani.

Majina nayo hayasaidii sana. Familia ya Corot ilikuwa na nyumba Ville-d'Avray, karibu na Paris, ambako alichora mabwawa na miti yake kwa miongo mingi, hata ikawa jina la mahali hapo limebandikwa kwenye picha nyingi mno kiasi kwamba haliwezi peke yake kumtambulisha mtu picha inayozungumziwa. Tarehe zina afadhali kwa sehemu ya kwanza ya maisha yake, kwa sababu safari zake tatu za Italia, ya 1825 hadi 1828, ya 1834 na ya 1843, zinajulikana, na mchoro uliofanywa papo hapo mbele ya mto au magofu unaweza kuwekwa ndani ya safari mojawapo. Kwa picha za uzeeni msaada huo haupo, kwani nyingi zilichorwa studioni kutoka katika kumbukumbu, kama ile mashuhuri ya Mortefontaine ya mwaka 1864 iliyoko Louvre, ambamo mahali halisi pamegeuka kuwa hisia ya mahali.

Daraja la Narni, nchini Italia, linaonyesha vizuri kwa nini mtunza orodha hapaswi kuridhika na jina. Mwaka 1826 Corot alichora kwa rangi za mafuta juu ya karatasi daraja hilo la Kirumi lililobomoka juu ya mto Nera, akinasa mwanga, maji na udongo ulioporomoka bila kuongeza chochote. Mchoro huo uko Louvre. Kutokana nao alitengeneza turubai kubwa zaidi kwa ajili ya maonyesho rasmi ya Paris ya mwaka 1827, yaliyoitwa Salon, na humo ukingo mbichi umesawazishwa kuwa njia, misonobari ya Kiitalia imesimama pembeni, na wachungaji wamewekwa pamoja na mifugo yao. Turubai hiyo sasa iko Ottawa, Kanada. Katalogi isiyoeleza uhusiano wa picha hizi mbili, ipi ilizaa nyingine na kwa lengo gani, ina taarifa sahihi lakini haijamweleza mchoraji.

Aliyelielewa hilo mapema ni Alfred Robaut, mchapaji wa michoro ya mawe kutoka Douai, aliyezaliwa mwaka 1830. Alioa binti wa Constant Dutilleux, mchoraji wa Arras aliyekuwa rafiki wa Corot, na kwa njia hiyo akaingia katika nyumba na studio ambamo picha zilikuwa zikizaliwa. Alijiwekea desturi ya kuchora kwa mkono wake kielelezo kidogo cha kila kazi ya Corot aliyoweza kuiona, akiandika kando yake habari zake, huku mkwe mwenzake Charles Desavary akizipiga picha nyingine kwa kamera. Kielelezo kile kidogo kina thamani kuliko ukurasa mzima wa maneno, kwa sababu huonyesha mti ulisimama wapi, tawi lilielekea upande gani na mtu aliketi wapi, mambo ambayo huwezesha kutofautisha mabwawa mawili ya Ville-d'Avray yenye jina moja. Robaut aliendelea kwa miongo kadhaa, na hatimaye akamkabidhi hazina yake Étienne Moreau-Nélaton, mchoraji na mkusanyaji, aliyeiongezea wasifu wa Corot na kuitoa mwaka 1905 katika katalogi iliyoorodhesha zaidi ya picha 2,000 zilizochorwa kwa rangi.

Wazo la kumbukumbu ya michoro halikuanza na Robaut. Claude Lorrain, bingwa wa mandhari aliyeishi Roma katika karne ya 17, alitunza mwenyewe tangu miaka ya 1630 kitabu cha michoro ya picha zake, akiandika nyuma ya michoro hiyo majina ya wateja, na Baldinucci, mwandishi wa wasifu wake, alieleza kuwa alifanya hivyo ili kujikinga na waghushi. Kitabu hicho, kinachojulikana kama Liber Veritatis, kiko katika British Museum. Tofauti ni kwamba Claude alijilinda mwenyewe, ilhali Corot, ambaye hakuwa na tabia hiyo hata kidogo, alilindwa na mtu mwingine.

Baada ya kifo cha Corot, vitu vya studio yake viliuzwa mnadani mwaka huohuo wa 1875, na picha zikapigwa muhuri wenye maneno Vente Corot na kuwekewa lakiri nyekundu. Alama hiyo ni ushahidi mzuri wa asili, ingawa nayo inaweza kuigwa kama inavyoigwa sahihi. Wingi wa kazi za kughushi ulidhihirika mwaka 1923, alipofariki daktari mmoja Mfaransa aliyekuwa amekusanya kwa imani kamili kazi 2,414 za Corot, ambazo zilibainika kuwa bandia. Hakuna lawama ya kumtupia. Alinunua jina bila kuuliza picha ilikotoka, na soko lilikuwa tayari kumuuzia.

Katalogi ya 1905 haikuwa neno la mwisho, kwani nyongeza zilichapishwa mwaka 1948, 1956 na 1974, na nyingine baadaye, huku kila moja ikiingiza kazi ambazo Robaut hakuziona. Watafiti wa sanaa wanaokusudia kuorodhesha kazi za mchoraji yeyote wa mandhari wanaombwa waanze sasa, wakati mchoraji au wale waliomwona akichora wangali hai, wachore au wapige picha kila kazi pande zote mbili, mbele na nyuma, wapime, waandike jina la mwenye nayo na siku waliyoiona, na waache swali la sahihi liwe la mwisho.