Dola ya Kirumi na Wageni wa Mto Danube



Simulizi iliyozoeleka juu ya mwisho wa Dola ya Kirumi ya Magharibi ni fupi mno. Palikuwapo ustaarabu, wakatokea washenzi katika misitu ya Ujerumani, mwaka 476 taa ikazimika. Simulizi hiyo ina kweli ndani yake, lakini inaficha mengi kuliko inavyofunua, na jambo la kwanza inalolificha limo katika neno lenyewe "washenzi". Neno hilo limewekwa mahali pa "barbari", ambalo kwa Wayunani lilikuwa na maana ya mtu ambaye usemi wake haueleweki. Kazi yake vinywani mwa wakuu wa Roma haikuwa mbali na kazi ya neno "mshenzi" vinywani mwa matajiri wa mwambao wa Afrika Mashariki walipowataja watu wa bara: kumvua mtu utu wake kwanza, ndipo iwe rahisi kumfanya mtumwa.

Wagothi, Wavandali, Wafranki na Waburgundi walikuwa wakulima na wafugaji. Kwa karne kadhaa waliishi jirani na mipaka ya dola, ng'ambo ya mito Rhine na Danube. Walifanya biashara na Warumi, na vijana wao walipigana katika majeshi ya Warumi. Katika karne ya 4 Askofu Ulfila aliitafsiri Biblia kwa Kigothi, na Wagothi wengi wakawa Wakristo, ingawa wa madhehebu ya Arius. Hawa hawakuwa watu waliodondoka kutoka mbinguni.

Mwaka 376 maelfu ya Wagothi walifika ukingoni mwa Danube pamoja na wake zao, watoto na mikokoteni. Hawakuja kuvamia. Walikuwa wakimbizi waliosukumwa na Wahun, wapanda farasi wa nyikani (ambao wasidhaniwe kuwa ni wahuni wa mitaani, ingawa sifa walizopewa na adui zao zilikuwa zizo hizo). Waliomba kuvuka na kupewa ardhi. Kaisari Valens, aliyekuwa mbali katika mji wa Antiokia, alikubali kwa furaha, kwa kuwa aliona mbele yake askari wengi wa gharama ndogo.

Kilichofuata kiliandikwa na Ammianus Marcellinus, aliyepata kuwa ofisa katika jeshi la dola hiyo hiyo, kwa hiyo haiwezekani kusemwa kuwa ni uzushi wa maadui. Maofisa wawili, Lupicinus na Maximus, ndio waliokabidhiwa wageni hao. Badala ya kuwalisha, waligeuza njaa yao kuwa biashara. Walikusanya mbwa na kuwauza kwa wenye njaa, na bei ya mbwa mmoja ilikuwa mtu mmoja wa kufanywa mtumwa. Hata watoto wa wakuu wa Kigothi walitolewa kwa bei hiyo. Baadaye Lupicinus aliwaalika viongozi wao karamuni katika mji wa Marcianopolis, huku watu wao wamezuiwa nje ya kuta wasinunue chakula. Ghasia zilipozuka nje, yeye akaamuru walinzi wa wageni wake wauawe. Kiongozi mmoja, Fritigern, aliponyoka, na vita vikaanza.

Linalostahili kutiliwa maanani zaidi ni watu waliojiunga na Fritigern. Walimwendea Wagothi waliokuwa wameuzwa utumwani. Lakini walimwendea pia wachimbaji wa dhahabu wa Thrace, raia wa Dola ya Kirumi, ambao hawakuweza tena kuubeba mzigo wa kodi. Hao ndio waliowaonyesha Wagothi maghala yaliyofichwa na maficho ya matajiri. Tarehe 9 Agosti 378, karibu na mji wa Adrianople, ambao leo ni Edirne nchini Uturuki, jeshi la Valens lilivunjwa. Ammianus anasema haikuokoka hata theluthi moja. Kaisari mwenyewe aliuawa, na maiti yake haikuonekana.

Yafaa kuuliza ni dola ya namna gani ambayo wachimbaji wake wanamwongoza adui. Kaisari Caracalla alikwisha kuwapa uraia karibu watu wote huru wa dola mwaka 212, lakini uraia huo haukuigusa ardhi. Mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa makabaila wachache. Mwaka 332 Kaisari Konstantino alitoa sheria iliyowarudisha kwa nguvu wapangaji waliotoroka mashamba ya mabwana zao, na ikaruhusu hata wafungwe minyororo. Kodi ya kulisha jeshi na jumba la Kaisari iliwaangukia wanyonge hao, kwani mwenye shamba kubwa alikuwa na rafiki katika ofisi ya kodi. Yapata mwaka 440 kasisi Salvian wa Marseille aliandika kwa uchungu kwamba Warumi maskini walikuwa wakikimbilia kwa Wagothi kutafuta ubinadamu ambao hawakuupata kwa Warumi wenzao.

Ushahidi mwingine ni wa Priscus, aliyekwenda mwaka 449 pamoja na ujumbe uliotumwa kwa Attila, mfalme wa Wahun. Kambini huko alisalimiwa kwa Kiyunani na mtu aliyevaa mavazi ya Kihun. Mtu huyo alikuwa mfanyabiashara wa mji wa mpakani. Alitekwa, akapata uhuru wake, na sasa hakutaka kurudi. Sababu zake hazikuwa za kivita. Alisema kwamba kwa Warumi kodi haina huruma, na mahakamani tajiri aliyevunja sheria huponyoka ilhali maskini huadhibiwa, tena baada ya kumlipa hakimu na makarani wake. Priscus alizitetea sheria za Roma kwa hotuba ndefu. Yule mtu alilia, akakiri kwamba sheria zenyewe ni njema, ila wanaozisimamia hawana tena moyo wa wale wa zamani.

Matukio mengine yanajulikana zaidi. Mwishoni mwa mwaka 406 Wavandali, Waalani na Wasuebi walivuka Rhine. Mwaka 408 jemadari Stilicho, ambaye baba yake alikuwa Mvandali, aliuawa kwa amri ya Kaisari Honorius aliyekuwa akimtumikia, na familia za askari wa kigeni zikachinjwa katika miji ya Italia. Askari hao, kama ilivyotarajiwa, walihamia kwa Alaric, mfalme wa Wagothi. Alaric alipouzingira mji wa Roma alidai dhahabu, fedha, hariri, na ratili 3,000 za pilipili manga, zao lililoletwa Roma kutoka India. Watumwa wa mji walitoka kwa maelfu kumfuata. Tarehe 24 Agosti 410 mji ukaingiliwa na kuporwa siku tatu.

Hata hivyo pigo lililoua lilitoka Afrika. Mwaka 429 Geiseric aliwavusha Wavandali kutoka Hispania. Hesabu ya wakati huo inataja watu 80,000, wazee na watoto wakiwemo. Mwaka 439 aliutwaa mji wa Karthago, katika Tunisia ya leo. Nafaka na mafuta ya zeituni vilivyoilisha Roma, pamoja na kodi iliyolipa majeshi ya magharibi, vilitoka huko. Miaka michache baadaye Kaisari Valentinian wa Tatu alitangaza kodi mpya juu ya kila kitu kilichouzwa, akikiri kwamba hazina haiwatoshi askari. Mwaka 468 zaidi ya meli 1,000 zilitumwa kuirudisha Afrika. Geiseric aliomba siku chache za kufikiri, kisha akazisukuma merikebu zenye moto katikati yao. Baada ya hapo hapakuwa tena na fedha ya kujaribu.

Isidhaniwe kwamba wanyonge walipata neema kila mahali. Katika Uingereza, ambako majeshi ya Kirumi yaliondoka mwanzoni mwa karne ya 5, sarafu zilikoma kutumika, na ufinyanzi wa gurudumu ukapotea kwa vizazi kadhaa. Mkulima aliyekuwa na sahani nzuri na paa la vigae aliona wajukuu wake hawana hata kimoja.

Italia mambo yalikwenda kimya kimya. Mwaka 476 Odoacer, ofisa wa kigeni katika jeshi la Kirumi ambaye askari wake walinyimwa ardhi, alimwondoa kijana Romulus Augustulus, akampa posho na nyumba huko Campania, na alama za ukaisari zikapelekwa Konstantinopoli. Baraza la Seneti liliendelea kukutana. Chini ya Theodoric, Mgothi aliyemuua na kumrithi Odoacer mwaka 493, kodi zilikusanywa na makarani wa Kirumi kwa daftari za Kirumi. Mmoja wa watumishi hao, Cassiodorus, aliziandika barua na amri za wafalme wa Kigothi kwa Kilatini fasaha. Alipostaafu alirudi kwao kusini mwa Italia, akaanzisha nyumba ya watawa, na kuwapa kazi ya kunakili vitabu.