Kabla ya Vita Alikuwaje? Usonji na Kiwewe kwa Watu Wazima wa Maniema



Hapa Kindu tukimwona mtu mzima anayekwepa watu, anayeshtuka mlango ukibamizwa, asiyepata usingizi na asiyejibu anaposemeshwa, jibu letu huwa tayari mdomoni: huyu vita imemharibu. Tuna sababu ya kusema hivyo. Waasi wa Simba waliingia mji huu mwaka 1964. Mwaka 1997 ulichukuliwa na waasi wa AFDL, mwaka 1998 na waasi wa RCD, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanamgambo wa Mai-Mai wakauzingira hadi watu wakalala njaa. Familia za Kabambare na Salamabila zimekimbia makwao tena na tena. Hakuna ukoo katika ukumbi huu usio na aliyezikwa bila kilio.

Lakini vita ikishakuwa jibu la kila swali, kuna watu inaowaficha. Nimekuja kuwasemea watu hao. Ni watu wazima wenye usonji, au otisme kama tunavyoisikia hospitalini, ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanao. Vita iliwakuta tayari wako hivyo walivyo. Iliwaumiza kama ilivyotuumiza sote, tena kwa njia zake. Na kabla ya risasi ya kwanza kulia walikuwa wameshaumizwa na sisi wenyewe: nyumbani, shuleni na katika chumba cha maombi.

Usonji ni namna ubongo unavyojijenga tangu mtoto yuko tumboni. Mwenye nao husikia, huona na hugusa dunia kwa kipimo tofauti. Sauti ambayo wewe huisikii yeye inamkata masikio. Maana zisizotamkwa, zile tunazopeana kwa jicho na kwa kimya, humpita. Hupenda mambo yaende kwa mpango uleule, na jambo moja linaweza kumshika akalijua kuliko mtu yeyote mjini. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema kama kitabu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya 100 hivi ana usonji. Kwa hesabu hiyo, shule ya msingi yenye watoto 600 ingekuwa nao 6. Wala msiniambie ni ugonjwa wa Wazungu: mtafiti Victor Lotter alizunguka miji tisa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, akawakuta watoto hao, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1978.

Kiwewe ni kitu kingine. Ni jeraha linalobaki ndani baada ya tukio lililomzidi mtu nguvu. Tukio limekwisha, lakini mwili unaendelea kuishi kana kwamba halijaisha. Mambo haya mawili yaliingia kwa majina yake katika kitabu cha utambuzi cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka uleule wa 1980, katika toleo lilelile la tatu. Usonji ukawekwa kwenye kurasa za watoto, kiwewe kwenye kurasa za watu wazima, wakiwemo askari waliorudi kutoka Vietnam. Kwa miaka mingi waliosoma kurasa za kwanza hawakusoma za pili. Mtu mzima mwenye usonji aliyeumizwa hakuwa na ukurasa.

Kabla ya hapo kulikuwa na uhusiano mmoja kati ya usonji na jeraha uliofundishwa sana, nao ulikuwa wa uongo. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyewaeleza watoto 11 mwaka 1943, aliandika kwamba walizaliwa hivyo. Lakini maneno yake juu ya wazazi wasio na joto yakafungua mlango. Bruno Bettelheim akaupanua katika kitabu chake cha mwaka 1967, akafundisha kwamba mtoto amejifungia ndani kwa kumkimbia mama asiyempenda. Akina mama wangapi walilia usiku kwa sababu ya fundisho hilo! Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshalipinga mwaka 1964, na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walionyesha kwa kuchunguza mapacha kwamba usonji hurithiwa kwa sehemu kubwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu vitabu tunavyosomea hapa vimetoka Ufaransa na Ubelgiji, na Ufaransa fundisho la zamani lilikawia kuondoka. Mwaka 2012 ndipo mamlaka ya afya ya nchi hiyo iliposema wazi kwamba manufaa ya tiba zilizojengwa juu yake hayajathibitishwa. Mama wa Mikelenge hapa mjini asiambiwe kwamba alimpa mtoto wake usonji kwa sababu alimbeba tumboni akikimbia. Usonji hauletwi na vita.

Ipo kesi moja inayotaka uangalifu. Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, watoto kutoka nyumba za yatima za Romania walipelekwa kulelewa Uingereza, na Rutter na wenzake wakawafuatilia. Wachache kati ya wale waliokuwa wamelala miezi na miaka bila kubebwa wala kusemeshwa walionyesha tabia zilizofanana mno na usonji, na kwa baadhi yao zilipungua walipopata familia. Kwa hiyo upweke mkali wa utotoni unaweza kutengeneza kitu kinachofanana na usonji. Sisi wenye watoto waliokua bila mtu tuliweke hilo akilini tusije tukampa kila yatima jina lisilo lake.

Njia ya upande wa pili ndiyo pana zaidi: mwenye usonji huumia kwa urahisi zaidi, na huumizwa mara nyingi zaidi. Mwaka 2020 Nirit Haruvi-Lamdan na wenzake wa Israeli walitoa matokeo ya kulinganisha watu wazima wenye usonji na wasio nao. Asilimia 32 ya wenye usonji walikuwa na dalili za kutosha za kiwewe, na asilimia 4 tu ya wengine. Lilikuwa kundi dogo, sitalitwisha mzigo mkubwa. Ninachokishika ni kile wengi wao walichokitaja walipoulizwa jambo lililowaumiza kuliko yote: tukio la kijamii. Kudhihakiwa, kufukuzwa, kudanganywa na uliyemwamini. Na hao ni watu wa nchi inayojua mabomu.

Basi turudi nyumbani. Mwaka 2010 UNICEF ilichapisha uchunguzi wa mwanaanthropolojia Aleksandra Cimpric kuhusu watoto wanaoshtakiwa ulozi katika Afrika ya magharibi na ya kati. Katika orodha ya wanaonyooshewa kidole wamo yatima, wenye kifafa, wenye kigugumizi, wenye usonji, na pia watoto wakaidi, wakimya, wanaojitenga, au wenye akili iliyozidi umri. Someni tena orodha hiyo polepole. Mtoto asiyelala usiku. Anayeongea peke yake. Anayekataa mboga ya sombe siku zote isipokuwa imepikwa na mtu fulani. Anayeziba masikio na kupiga kelele vipaza sauti vya kanisa vikifunguliwa. Mchungaji akiliona hilo la mwisho atasema pepo limesikia jina takatifu likatetemeka. Kumbe ni spika. Kisha anafungiwa, ananyimwa chakula siku tatu, anatiwa pilipili machoni, anakandamizwa sakafuni na mikono minane huku watu wakiimba. Hicho ni kiwewe kwa maana kamili, na kimetokana na kutojua usonji. Ibara ya 41 ya Katiba yetu ya mwaka 2006 inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaweka adhabu. Wachungaji mlioko hapa, nawasihi kwa heshima yote: mtoto akiziba masikio, zimeni spika kwanza.

Anayeponyoka hukua. Mtu mzima nitakayemweleza sasa nimemuunda mwenyewe, lakini wauguzi mtamtambua. Ana miaka 45, anatengeneza redio karibu na stesheni, na treni za Lubumbashi anazijua behewa kwa behewa. Hakuoa. Utotoni hakuna aliyeona kasoro alipokuwa hatazami watu machoni, kwa sababu kwetu mtoto anayemkazia mkubwa macho hana adabu. Alama ambayo vitabu vya ng'ambo huitaja mapema, hapa huhesabiwa kuwa malezi mema. Ilikuja kumgharimu ukubwani, kwenye barieri ya askari. Aliulizwa anatoka wapi, akachelewa kujibu, akatazama chini, akarudia swali lilelile kwa sauti ya askari mwenyewe. Wakaona dharau, au wakaona mpelelezi. Alipigwa hadi akazirai. Wengine kwenye foleni ileile walipita kwa kicheko na sigara moja, kwa sababu walijua kusoma uso wa mwenye bunduki. Leo hasafiri, na akisikia amri yoyote mwili wake unaganda. Kwenye kituo cha afya ataandikiwa kiwewe cha vita, na ni kweli. Lakini ni nusu ya kweli, na tiba ya nusu ile haitamfikia.

Msichana hufichika zaidi. Hujifunza kuiga: lini kucheka, lini kusema pole, namna ya kukaa na mawifi. Anasifiwa kuwa mpole. Anaolewa katika ua wenye watu kumi na saba, sauti kila saa, hakuna mlango wa kufunga. Jioni anaishiwa nguvu, anaingia ndani kimya, na wenzake wanasema anajivuna. Kazi ya kuigiza maisha mazima huchosha kuliko shamba. Na aliyezoezwa tangu utotoni kukandamiza kila anachokihisi ili awapendeze wengine, anajuaje kusema hapana mtu mbaya anapomkaribia? Hapo ndipo ninapoona mlango ambao wabakaji huuona kabla yetu.

Tutatenganishaje basi? Dalili nyingi hufanana: kujitenga, kushtuka, usingizi mbovu, kukwepa mahali fulani. Kinachosaidia ni wakati. Kiwewe kina siku yake ya kuanza. Ndugu watakuambia, alikuwa mchangamfu, tangu siku ile amebadilika. Usonji hauna siku ya kuanza. Shangazi atasema, huyu tangu anatambaa alikuwa anapanga vifuniko vya chupa, na ukigusa kimoja analia mpaka usiku. Kwa hiyo swali la kwanza si lile tulilozoea, walikufanya nini? Ni hili: kabla ya vita ulikuwaje?

Ugumu wake ni kwamba katika jimbo letu anayejua jibu mara nyingi hayupo. Mama alifia porini, dada yuko kambini, nyumba yenye picha za utotoni iliungua. Mbinu za kumtambua mtu mzima zilizoandikwa Ulaya hutegemea mzazi aliye hai. Hapa itabidi tumtafute mwalimu wa zamani, jirani wa mtaa, mtu aliyekimbia naye. Na tumsikilize mwenyewe, maana kumbukumbu za wengi wao kuhusu mambo madogo ni za ajabu. Hili halihitaji mashine, linahitaji muda, na najua muuguzi mwenye wagonjwa sitini mlangoni atauliza muda huo ataupata wapi. Swali lake ni la haki.

Tiba nayo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya kazi nzuri iliyofanyika Kivu kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono: tiba ya kuongea katika kundi, ikiendeshwa na wasaidizi Wakongomani wasio madaktari, iliwapunguzia mzigo sana, na nafuu ilidumu baada ya miezi sita. Naiheshimu kazi hiyo, na ningependa ifike kila kona ya Maniema. Lakini fikirieni mwenye usonji ameketi kwenye duara lile. Wanawake kumi, vilio, harufu za miili, mtu anamshika bega bila kumwuliza, kisha anaulizwa, ulihisi nini? Karibu nusu ya watu wenye usonji, kwa tafiti zilizokusanywa, hupata shida kuyapa majina yale wanayoyahisi. Atanyamaza, na ataandikwa kuwa hashirikiani. Mpeni chumba chenye utulivu, mbali na jenereta, na msikilizaji yuleyule kila mara. Mwambieni mapema mtaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi. Msianze na hisia. Anzeni na mpangilio wa mambo, nini kilitangulia, nini kikafuata, mwili ulifanya nini. Achore akipenda.

Jambo hilohilo liwafikie mahakimu na wapelelezi. Aliyebakwa anayesimulia kwa sauti ya kusoma ratiba, bila chozi, akitaja rangi ya kandambili za kila mshambuliaji, si mwongo. Pengine ndiye shahidi bora mliyewahi kumpata.

Tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna sheria inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Ili iwafikie na watu hawa, ninachoomba kwa Kitivo cha Tiba na idara ya saikolojia ya chuo chetu si jengo. Naomba kwenye karatasi ya mgonjwa, chini ya pale tunapoandika yaliyompata, iongezwe mistari ya kuandika alivyokuwa kabla, na jina la mtu aliyemjua utotoni kama yupo. Naomba pia wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakae na wauguzi wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli kuyaandaa maswali yenyewe katika Kiswahili cha hapa, yajaribiwe na yarekebishwe.

Kuna watakaouliza faida ya kumpa jina hilo mtu wa miaka 45 wakati hakuna dawa yake. Majina tayari anayo: mlozi, mwenda wazimu, mwenye kiburi. Tangu utotoni amejibu kwa majina hayo, na mengi ya yaliyomuumiza yamepita humo. Hilo jipya ndilo la kwanza lisilomlaumu.